Daftari la Fundi Cherehani

Baba aliniachia vitu vitatu: shamba la migomba na kahawa lisilofika ekari mbili, cherehani iliyovunjika kanyagio, na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Shamba nalilima. Cherehani alichukua mpwa wangu. Daftari nimekaa nalo miaka mingi, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya ushirika huku Kagera, kahawa iliyopimwa na fedha iliyolipwa, nimelisoma kwa macho ya mkaguzi. Nimepitia vitabu vingi vya kuficha wizi. Hiki ndicho kitabu pekee nilichokutana nacho ambacho mwizi amekiandika mwenyewe, kwa mkono safi, bila kuulizwa na mtu.

Kina safu tatu. Kushoto jina la mtu, katikati kitu, kulia alama ya vema. Mke wa mwalimu fulani, kaki, nusu yadi. Mzee wa kanisa, marekani, robo tatu. Mwenye duka, vifungo, dazeni mbili, na uzi. Boma, kodi ya kichwa, mwaka mmoja. Mistari ni 43. Yenye vema ni 42.

Tata, kama tunavyomwita baba huku kwetu, alikuwa fundi kwenye baraza la duka moja mjini Bukoba, yeye na mwenzake, cherehani mbili zimetazamana. Anayejua ushonaji atanielewa. Mteja analeta yadi tatu za suruali, fundi anampima, anatikisa kichwa na kusema zitatosha kwa shida. Akishika mkasi anapanga kitambaa kwa namna ambayo suruali inatoka na kipande kinabaki. Kipande hicho hakirudi kwa mwenyewe. Vipande vinne ni kaptula ya mtoto, na kaptula ya mtoto siku ya gulio ni fedha. Hakuna fundi aliyeuita huo wizi, na Tata, aliyekuwa amebatizwa na kupata kipaimara, alikwenda mezani pa Bwana miaka yote hiyo na mfuko wake wa vipande ukiwa chini ya kitanda.

Mwaka 1944 akawa mlokole. Mama alisimulia kwamba jioni ile aliuvuta ule mfuko, akaumwaga sakafuni, akakaa katikati ya vitambaa kama mtoto aliyevunja chungu, akianza kukumbuka kipi ni cha nani.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waganda. Kwao balokole ni waliookoka. Sisi tulibadilisha herufi ya mwanzo tu. Siku hizi mlokole ni yeyote mwenye spika kubwa na majirani wasiolala, na vijana wakisema wanataka kurudisha ibada ya kweli, kikao cha kwanza huwa cha kuchangia kinanda. Sina ugomvi na kinanda. Ila mwamko uliobadilisha makanisa ya nchi zetu, kuanzia Rwanda hadi Uganda, Kenya, Burundi na huku kwetu, ulianza kwa watu kurudisha vitu, na historia hiyo naona inasahaulika.

Gahini ni kilima juu ya ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Misheni ya Kianglikana ilijenga hospitali pale miaka ya 1920, na mwaka 1928 akafika daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyesomea Cambridge. Alipokelewa na njaa. Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura, njaa ya 1928 na 1929, iliyoua watu wengi na kuwatawanya wengine kuvuka mpaka kutafuta chakula. Daktari alitibu, akagawa chakula, akazika. Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na Jumapili moja kwenye kilima cha Namirembe akamkuta Mganda mmoja amesimama na pikipiki yake. Huyo alikuwa Simeoni Nsibambi, mtu mwenye ardhi na kazi ya serikali, Mkristo wa kuheshimika, na moyoni mwake alikuwa anasumbuliwa na swali lile lile la daktari: kuna kitu kimepungua katika kanisa hili na ndani yangu mimi, ni nini?

Walikaa siku mbili na Biblia, wakifuata mistari inayomtaja Roho Mtakatifu mmoja baada ya mwingine. Nsibambi akaacha kazi ya serikali. Akavua viatu, akabaki na kanzu, akawa anamsimamisha kila anayepita Namirembe na kumuuliza kama ameokoka. Ndugu zake katika imani waliona amerukwa na akili. Tusisahau kwamba wakati huo Kanisa la Uganda lilikuwa limekwisha kukomaa. Lilikuwa na mashahidi wake wa 1885 na 1886, kanisa kuu la matofali, machifu waliokaa viti vya mbele. Watoto walibatizwa, majina yaliandikwa, ibada ilifuata kitabu. Nyumbani, pombe na wake wa pembeni viliendelea kama kawaida, na mizimu ilipata haki yake usiku.

Huko Gahini, msaidizi mkuu wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka. Mambo ya hospitali yalikuwa hayaendi: wahudumu wavivu, vitu vinapotea, wagonjwa wanasukumwa. Daktari akamtuma Yosiya kwa Nsibambi. Yosiya alikwenda na malalamiko yake dhidi ya wenzake, naye Nsibambi akamwambia kwamba shida ya hospitali inatoka moyoni mwake yeye Yosiya. Njiani akirudi, maneno yale yalimvunja. Alipofika aliwaomba radhi watu waliokuwa chini yake. Napenda mwanzo huu kuliko wowote niliousoma wa historia ya kanisa, kwa sababu nimeshakagua maghala ya namna hiyo. Najua mtunza ghala anavyoongea juu ya wasaidizi wake.

Mtu wa tatu ni Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu wa wainjilisti pale pale Gahini. Desemba 1933, baada ya Krismasi, waliitisha mkutano wa siku kadhaa wa mafundisho na maombi. Siku zilipita baridi. Mwishoni, katika maombi, mtu mmoja alisimama akaanza kuungama, kisha mwingine, kisha watatu kwa pamoja, na kwa zaidi ya saa mbili ikawa hivyo. Septemba 1935 timu yao ikaenda Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kutoka hapo Kigezi nzima ikawaka. Blasio alikwenda Kampala Januari 1936 akiwa na mambo matatu ya kuiambia sinodi: ubaridi wa kanisa, watu wanaoishi dhambini huku wakikaribia meza ya Bwana, na haja ya kuamka. Homa ya papasi ilimuua kabla ya kusema. Neno lake moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka, liligeuzwa kuwa mwito wa mikutano ya mwaka uliofuata.

Mazao ya mwito huo yalibebwa mikononi. Watu walipanga foleni kwa waajiri na majirani. Blanketi na vyombo vya hospitali, jembe la jirani, mbuzi aliyekwisha kuliwa akalipwa kwa mbuzi mwingine. Mume alimwambia mke aliyoyafanya. Mke alimwambia mume. Mhutu na Mtutsi walikula chungu kimoja, na huko Rwanda hilo lilikuwa jambo zito kuliko kunena kwa lugha. Kristo alisema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza. Kanisa lilikuwa limeusoma mstari huo kwa miaka hamsini. Hawa ndio walioondoka madhabahuni.

Wimbo wao ulikuwa Tukutendereza Yesu. Wengi hudhani ulitungwa Uganda. Asili yake ni kiitikio cha wimbo wa Kiingereza kilichotafsiriwa kwa Kiganda. Mtu akiungama hadharani, ukumbi unamwimbia, wanamkumbatia, anaketi. Mama alisema ndipo alipouelewa: unaimbiwa ukiwa umeaibika.

Kwetu moto ulifika miaka ya mwisho ya 1930, kupitia Katoke, chuo cha walimu cha Kianglikana upande wa Biharamulo, na kupitia Wahaya waliokwenda Uganda kutafuta kazi wakarudi na zaidi ya fedha. Kanisa la Kilutheri la Bukoba lilikuwa mikononi mwa misheni ya Betheli ya Ujerumani. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza, Wajerumani wakawekwa kizuizini. Wasweden walikuja kuziba pengo, mmoja wao Bengt Sundkler, lakini hawakutosha, na nadhani nafasi hiyo ndiyo iliyowapa walei kinywa. Fundi, mkulima, mama wa kuuza ndizi, wakasimama kuhubiri kwenye vituo vya basi. Josiah Kibira, aliyezaliwa 1925 huku kwetu, ni mtu wa ushirika huo. Akawa askofu 1964, na mwaka 1977, mkutano mkuu ulipofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho.

Tata hakuwa askofu wala mhubiri. Alikuwa na daftari. Ilimchukua karibu miaka mitatu kumaliza mistari yake, kwa sababu vipande vingine alikwisha kuviuza na ilibidi anunue kitambaa kipya. Mke wa mwalimu alipokea nusu yadi yake ya kaki, akacheka, kisha akaingia ndani akalia. Hakusema kwa nini. Mzee wa kanisa alikasirika, akasema anatiwa aibu, maana sasa kijiji kizima kitamuuliza yeye amerudisha nini. Mwenye duka, Mhindi aliyekuwa anamkata Tata ujira kwa kila sindano iliyovunjika, alihesabu vifungo mara mbili, akavipokea, na tangu siku hiyo akawa anamwachia ufunguo wa duka. Bomani palitokea kichekesho. Karani alikataa kupokea kodi ambayo hakuna aliyeidai, kwa kuwa hakuwa na safu ya kuiandika. Tata alirudi mara tatu. Mwishowe aliandikiwa stakabadhi chini ya kichwa cha mapato mengineyo, nayo imebanwa katikati ya daftari kwa pini ya kushonea, kutu imepita karatasi mbili.

Nisingependa msomaji afikiri kila kitu kilikuwa kitamu. Walokole walikuwa watu wagumu. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda kati yao. Walikuwa wanaamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri, wakilaumu wizi na uzinzi chuoni na mafundisho waliyoona yamelegea. Mkuu wa chuo akawakataza. Wakasema hawawezi kutii. Ukisoma habari hiyo unaona walikuwa na haki juu ya mambo mengi na walikuwa wanachosha juu ya yote. Pamoja na hayo hawakujenga kanisa lao. Walifukuzwa mlango wa mbele, wakarudi kukaa kwenye benchi. Sehemu kubwa ya walokole wa zamani walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri, wakikutana siku moja katikati ya juma, na Jumapili wakikaa mbele ya mchungaji ambaye pengine aliwachukia.

Ugumu wao uliwafaa wakati wa majaribu. Katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1950, walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kunywa damu nyingine, na walipopewa bunduki na serikali wajilinde, wengi walizikataa nazo. Wakapigwa na pande zote mbili. Wako waliouawa. Murang'a kuna kanisa kuu la kumbukumbu yao, na picha za ukutani zilichorwa mwaka 1959 na Mchaga wa Marangu, Elimo Njau: Yesu mweusi, kuzaliwa kwake, ubatizo wake, karamu, Gethsemane na msalaba, na nyuma yake milima na migomba ya Wakikuyu. Uganda nayo ina Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 katika mwamko huo huo, akauawa akiwa askofu mkuu chini ya Idi Amin tarehe 16 Februari 1977.

Lakini kuna Rwanda. Mkaguzi hawezi kufunga vitabu kwa kuonyesha kurasa za faida pekee. Nchi ilikoanzia habari hii ndiyo ambamo mwaka 1994, kwa siku mia moja, Wakristo waliwaua Wakristo, tena makanisani. Wako walokole waliokufa wakiwaficha majirani zao. Wako walioimba Tukutendereza na mikono yao haikuwa safi. Nimewasikia wazee wakijibu kwamba waliofanya hivyo hawakuwa wameokoka kweli. Hilo ni jibu jepesi. Nikikuta ghala tupu, siandiki kwamba waliokula kahawa hawakuwa wanachama halisi. Mimi naona tatizo lilikuwa katika daftari lenyewe. Walokole walijua kuandika kaki nusu yadi na mbuzi mmoja. Walijifunza kumtazama ndugu usoni na kumwambia nilikuibia. Deni la kundi kwa kundi, la chifu kwa raia wake, la serikali kwa watu iliowaandika kabila kwenye vitambulisho kuanzia miaka ya 1930, halikuwa na safu. Siasa waliiita ya dunia, wakaiacha nje ya mlango wa ushirika.

Hata deni la mtu na mtu hawakulimaliza lote, na hapo narudi kwenye mstari wa 43.

Unataja jina la mtu mmoja, na katikati, mahali pa kuandika kitu, pameandikwa "kazi". Hakuna vema. Nilimuuliza Tata mara moja, nikiwa nimeshaanza ukaguzi, akanijibu, "Huyo utamwona mbele ya Mungu," akaendelea kumenya ndizi. Mama ndiye aliyenieleza baada ya msiba. Usiku ule wa kwanza, Tata alipoungama mbele ya kusanyiko habari za vitambaa, alisema "sisi tulikuwa tunakata". Sisi. Kila mtu alimjua aliyekaa cherehani ya pili. Kabla ya juma kwisha mwenye duka alimfukuza yule mwenzake, kwa sababu yeye hakuwa amerudisha kitu wala kuimbiwa wimbo wowote. Tata alibaki na baraza lote na ufunguo wa duka. Yule aliondoka mjini na mke na watoto wawili, ikasemekana amekwenda visiwani.

Nimeufikiria ushuhuda huo kuliko mwingine wowote. Ulikuwa wa kweli neno kwa neno. Ulimpa Tata amani aliyokaa nayo hadi kaburini, nami nilikula na kusoma kwa amani hiyo. Mwingine alilipia.

Mwaka juzi nilipata habari kwamba mtoto wa yule fundi yu hai, mzee kama mimi, anakaa Kemondo karibu na bandari. Nilivaa koti, nikachukua daftari, nikapanda gari la abiria. Nilimkuta nje ya nyumba akifuma wavu. Nikamwamkia, akanikaribisha, "Karibu, waitu," bila kuniuliza mimi ni nani, na mjukuu wake akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama desturi yetu ilivyo. Nilitafuna mbili tatu kabla ya kuweza kusema. Kisha nikamfungulia ukurasa wa mwisho, nikamsomea jina la baba yake, nikamweleza baraza, cherehani mbili, vipande vya kaki, mkutano, neno lile "sisi".

Masikio yake ni mazito. Ilibidi nirudie, kwa sauti ya juu, na majirani wakasimama uani kusikiliza. Kwa hiyo niliungama dhambi ya baba yangu hadharani, jambo ambalo sikulipanga.

Alishika daftari, akapitisha kidole kwenye jina, akakaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimebeba fedha kwenye bahasha mfukoni, na sijui hata leo nilizihesabu kwa kanuni gani.

"Baba alikuwa fundi cherehani?" akaniuliza. "Sisi tulimjua mvuvi tu."

Akaniomba nimweleze tena, polepole, baba yake alikuwa anakaa upande gani wa baraza, na alikuwa anashona nini.